Mbegu inaugua nini mpaka ichanjwe?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa ugani mkoani Ruvuma. Nimepewa kipeperushi cha Kiingereza kuhusu kilimo cha soya nikitafsirie kikundi cha wakulima. Kila penye neno inoculation nimeandika "chanjo", kama kamusi inavyosema. Nilipowasomea, mzee mmoja akaniuliza, "Mbegu inaugua nini mpaka ichanjwe?" Kikundi kizima kikaangua kicheko na mimi nikakosa jibu. Baadaye nikaona kwamba hata vaccination kamusi inaiita chanjo. Je, ni kitu kimoja? Na inakuwaje neno moja lizunguke kwa binadamu, kwa ng'ombe, kwa mbegu mpaka maabara?

Jibu: Marahaba. Huyo mzee siku ya mafunzo mpe kiti cha mbele, maana kakamata palepale penye kasoro. Mbegu ya soya haiugui, na hicho unachoipaka hakiikingi na ugonjwa wowote. Unaipa bakteria wa kuishi nao. Wala usijilaumu sana. Kamusi zetu nyingi zimeyalaza maneno mawili ya Kiingereza kitanda kimoja. Inokulesheni, niliandike hivyo ili tusonge mbele, ni kutia kitu hai mahali kitakaposhika na kukua. Nia yako inaweza kuwa kinga, inaweza pia kuwa mboji, mtindi au chungwa. Chanjo katika Kiswahili cha leo ni kinga tu. Ndiyo maana wakulima walicheka.

Neno lenyewe lilizaliwa shambani. Warumi waliita jicho oculus, na kama sisi, jina hilohilo walilipa lile chipukizi dogo linalolala kwenye kikwapa cha jani. Sisi tuna macho ya muhogo, macho ya kiazi, macho ya muwa. Kwao inoculare ilikuwa kulitia jicho la mti mmoja kwenye mti mwingine, yaani kubebesha. Kama umewahi kupita Muheza kwenye vitalu vya michungwa, basi umeiona inokulesheni katika maana yake ya kwanza. Fundi anachukua mche wa limau wenye unene wa penseli, anachora herufi T kwenye ganda kwa ncha ya kisu, anayafungua maganda mawili kama anafungua shati, kisha anatelezesha ndani jicho la mchungwa lililokatwa pamoja na kipande chake cha ganda. Anafunga kwa utepe wa nailoni. Wiki mbili tatu baadaye anafungua: jicho likiwa kijani limeshika, likiwa kahawia amepoteza kazi yake. Babu yangu mzaa mama alikuwa na tabia ya kuyaweka macho mdomoni yasikauke wakati anachora hiyo T. Ukimsemesha anakujibu kwa mguno, na sisi wajukuu tukajua kwamba babu akiguna ana machungwa ya mtu mdomoni.

Sasa tazama lugha yetu ilivyoshika upande wa pili wa kazi hiyohiyo. Mrumi aliliangalia jicho, Mswahili akakiangalia kisu. Kuchanja ni kutia mkato au kupasua. Tunachanja kuni, msafiri anachanja mbuga, na mganga anachanja chale kisha anasugua dawa kwenye ule mstari wa damu. (Chanja la kuanikia vyombo liache huko jikoni, hilo halituhusu leo.) Kwa mtu aliyezoea chale, kazi ya kumkinga mtu na ndui haikuhitaji jina jipya: ngozi inakwaruzwa, kitu kinatiwa ndani, kovu linabaki. Neno lilikuwa tayari.

Baadaye kisu kikaondoka, neno likabaki. Leo mtoto anadondoshewa matone ya polio ulimini, ngozi yake haina hata mchubuko, na mama anarudi nyumbani akisema mtoto amechanjwa. Hakosei. Chanjo imeusahau mkato wake. Alama pekee inayotukumbusha ni kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambalo Mtanzania huwa nalo bega la kulia na Mkenya mkono wa kushoto chini ya kiwiko, kiasi kwamba pale Namanga ukiwa na macho makali huhitaji kuomba pasipoti.

Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yaligawana kazi kwa sababu ya ndui, na mgawanyo ule ulikuwa wa kufa na kupona. Kabla ya 1796, kumtia mtu inokulesheni kulimaanisha kuchukua usaha wa mgonjwa wa ndui, wa ile ndui nyepesi ukibahatika, na kuutia kwenye mkato wa mtu mwenye afya. Huyo aliugua ndui halisi. Mara nyingi aliugua kidogo, akapona, na asiipate tena. Uarabuni na Sudani watu walikuwa na namna yao, na waliiita kununua ndui: mama wa mtoto mzima anakwenda kwa mama wa mtoto mgonjwa, wanapatana bei ya vipele. Istanbul ndiko Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, alikofanyiwa hivyo mwanawe wa kiume mwaka 1718, na mwaka 1721 akamfanyia bintiye vilevile huko London.

Mwaka huohuo 1721 ndui iliingia Boston. Mhubiri mmoja wa mji huo, Cotton Mather, alikuwa anamiliki mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus. Miaka kadhaa kabla alimuuliza kama amewahi kuugua ndui, naye akamjibu kwamba kwao hutia kidogo ya ugonjwa huo kwenye mkato, na mtu akifanyiwa hivyo haupati tena. Ukiyasoma maelezo yake kwa macho ya Kiswahili, ile ni chale tupu. Daktari Zabdiel Boylston akaijaribu. Kati ya watu zaidi ya 240 aliowachanja, walikufa 6. Walioipata ndui wenyewe mjini walikaribia 6,000, na zaidi ya 800 wakafa, kama mmoja katika kila saba. Boylston alitukanwa na kutishiwa maisha, lakini hesabu ilikuwa upande wake, na upande wa Onesimus, ambaye jina lake la nyumbani hakuna aliyelihifadhi.

Tarehe 14 Mei 1796, Edward Jenner akabadilisha kitu kinachotiwa. Badala ya ndui ya watu alichukua majimaji ya kipele cha ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mkamua maziwa, akayatia kwenye mkono wa James Phipps, mtoto wa miaka 8. Ng'ombe kwa Kilatini ni vacca, na ndipo vaccination ilipotoka. Ukiitafsiri kwa ukali utapata "kung'ombesha", na sikushauri uiandike kwenye kipeperushi. Tofauti ilikuwa kwamba aliyetiwa ndui ya watu aliweza kumwambukiza jirani yake ndui kamili, wakati aliyetiwa ya ng'ombe hakuwa hatari kwa yeyote. Mwaka 1840 Uingereza ikaipiga marufuku njia ya zamani. Mwaka 1881 Louis Pasteur akapendekeza neno la Jenner litumike kwa kinga zote za namna hiyo, hata zisizo na ng'ombe ndani yake. Tangu hapo Waingereza wa kawaida huchanganya maneno hayo mawili bila kufikiri, na kamusi zetu zikaupokea mchanganyiko huo mzimamzima.

Ukidhani ile njia ya zamani ilikufa mwaka 1840, fuatana nami kwenye boma la ndama. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipomalizia nusu ya utumishi wangu.

Ndigana kali ni ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kimelea kidogo kinachobebwa na kupe wa kahawia, yule anayependa kujificha ndani ya sikio. Ndama wa kigeni akiipata bila tiba, andaa ngozi. Miaka ya 1970, watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walikamilisha njia ambayo Onesimus angeielewa bila mkalimani. Kupe walioambukizwa husagwa, mchuzi wao ukachujwa na kugandishwa ndani ya mirija kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Vimelea waliomo ni walewale wanaoua, wazima kabisa, wa aina tatu zilizochanganywa ili kinga iwe pana. Siku ya kazi ndama anapata sindano mbili. Moja ni ya hao vimelea, chini ya ngozi karibu na sikio. Nyingine ni oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki, ya kudumu muda mrefu, kwenye msuli. Dawa haiwaui vimelea wote, inawapunguza mwendo tu, mwili ukapata nafasi ya kuwajua. Ndama akivuka hapo amevuka. Sindano ya pili ukiisahau, umempa ndigana kwa mkono wako mwenyewe.

Mrija mmoja ukishayeyushwa hutosha ndama wengi na haurudi kwenye mtungi, ndiyo maana wafugaji hulazimika kukusanyana. Siku moja tulikuwa na ndama wengi kuliko tulivyotarajia, na utepe wa kupimia kifua ulikuwa umebaki kwenye gari lililokwenda kuchukua maji. Nikaanza kuwapima kwa jicho. Ndama mmoja mweusi mwenye baka jeupe tumboni nilimkadiria kilo 60, na dawa nikampa ya kilo 60. Siku ya kumi na sita nikaitwa. Tezi chini ya sikio imevimba kama limau, macho yanachuruzika machozi, anahema kama aliyekimbizwa. Alikuwa na zaidi ya kilo 80, utepe ulisema safari hii. Mwenye ndama hakunigombeza; aliegemea fimbo yake, akanitazama nikimchoma buparvakoni, dawa ya kutibu ndigana, akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo huu ugonjwa ulimletea wewe?" Ndama alipona. Swali lile sijalisahau, kwa sababu jibu lake lilikuwa ndiyo.

Wafugaji wote wanaiita chanjo ya ndigana, na mimi naiita hivyo. Neno ni halali, kinga ndiyo inayotafutwa. Lakini maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza huiita njia ya kuambukiza na kutibu, na ningependa kila afisa anayekwenda nayo bomani ajue jina hilo la pili, hata kama halitamki. Chanjo nyingine ukikosea kipimo, mara nyingi hasara ni kinga hafifu. Hii ukikosea kipimo umeua.

Turudi kwenye soya yako.

Soya ni mgeni kutoka Asia, na kama wageni wengi ana chakula chake alichozoea. Jamii ya mikunde hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoingia kwenye mizizi na kujengewa vinundu. Mmea unawalisha sukari, wao wanaishika naitrojeni ya hewani na kuigeuza iweze kuliwa na mmea. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilithibitisha jambo hilo mwaka 1888, na haikupita miaka kumi bakteria hao wakawa wanauzwa Ujerumani kama bidhaa. Kunde na karanga hazina taabu, udongo wetu una bakteria wanaozifaa. Soya huchagua zaidi. Mahali ambapo haijawahi kulimwa, mara nyingi haimkuti mwenyeji anayeelewana naye, na itakua ya njano njano mpaka umnunulie mbolea. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki yenye makao Nigeria, ilizalisha mbegu za soya zisizochagua sana, zile zinazoanza na herufi TGx, lakini hata hizo mara nyingi hufurahia kupewa bakteria. Kwetu pakiti za namna hiyo zimewahi kutengenezwa na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa jina la Nitrosua, na kutoka Kenya kuna Biofix.

Kwenye kipeperushi chako andika kupaka mbegu bakteria. Wapo wanaopendelea kuvika mbegu, na si vibaya, ila kuvika kunamfanya mkulima afikirie ile dawa ya rangi inayokuja na mbegu za dukani, na hiyo ndiyo hutaki aifikirie. Kupaka kila mtu anakujua. Tumepaka mafuta, tumepaka hina, mkono unafahamu. Pakiti yenyewe waite bakteria wa soya, na jina la dukani liwepo ili wasiuziwe kitu kingine.

Maelekezo yaandike kwa mpangilio wa mikono inavyofanya kazi. Kazi hii inafanyiwa kivulini, asubuhi, siku ileile ya kupanda. Mbegu zinamwagwa kwenye beseni, zinanyunyizwa maji kidogo yenye sukari ili unga ushike, kidogo kiasi kwamba zing'ae zisilowe. Halafu unga wa bakteria kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, unachanganya taratibu kwa mkono mpaka kila mbegu iwe na vumbi jeusi. Usisugue, ganda la soya ni jepesi na likichubuka mbegu haioti. Zikauke kivulini muda mfupi, zipandwe, zifukiwe papo hapo. Jua linawaua. Mbolea ya chumvichumvi ikigusana nao inawaua, dawa za kuzuia kuvu nyingi zinawaua pia. Nimewahi kumkuta bwana mmoja kaiweka pakiti juu ya dashibodi ya pikapu tangu mjini, kioo kimefungwa, mwezi wa kumi na mbili. Alichokwenda kupaka kwenye mbegu kilikuwa udongo mweusi wa bei ghali.

Mzee akikuuliza tena, mwambie ni kama hamira, maana hilo ndilo tendo. Mke wake akichukua kijiko cha mtindi wa jana na kukitia kwenye maziwa yaliyochemshwa yakapoa kiasi cha kuvumilika kidoleni, anafanya inokulesheni. Mkulima wa uyoga akitia mbegu ya uyoga kwenye majani makavu ya migomba aliyoyachemsha, anafanya hiyohiyo. Anayechemsha anaua wasiotakiwa, anayetia anakaribisha anayetakiwa, na haraka yake inatokana na kujua kwamba wale wa kwanza wako njiani wanarudi.

Maabara nako hakuna siri kubwa. Fundi anaunguza kitanzi cha waya kwenye moto mpaka kiwe chekundu, anakiacha kipoe, anagusa sampuli ya mkojo, anachora mistari kwenye sahani ya chakula cha bakteria, anafunika. Watu wa maabara huita kazi nzima kuotesha, na lile tendo la kugusa na kuchora ningeliita kupandikiza. Hapo hakuna chanjo, ingawa mara moja kupandikiza kulizaa chanjo: Albert Calmette na Camille Guérin wa Ufaransa, kuanzia 1908, waliwahamisha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kutoka chakula kikuukuu kwenda kipya kila baada ya wiki tatu hivi, mara 230, miaka 13, mpaka wale bakteria wakasahau kuua. Ndiyo BCG yenyewe, iliyompa mtu wa kwanza kinga mwaka 1921. Lile kovu la Namanga ni zao la uvumilivu huo.

Kuna matumizi moja zaidi utakutana nayo ukisoma mambo ya habari za uzushi. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, William McGuire, alionyesha kwamba mtu akionjeshwa hoja dhaifu ya uongo pamoja na majibu yake, anakuwa mgumu kudanganywa uongo mkubwa ukija. Akaliita hilo inokulesheni. Hapa kichekesho ni kwamba neno letu linakaa vizuri kuliko kwenye mbegu. Kumchanja mtu dhidi ya uzushi kunaeleweka mara moja, kwa kuwa kinga ipo, japo sindano haipo.

Kwa hiyo pitia karatasi yako upya. Penye mtu au mnyama anayekingwa, acha chanjo. Penye mti, andika kubebesha. Penye mbegu ni kupaka, penye sahani ya maabara ni kupandikiza, penye mtindi na uyoga ni kutia. Utakuwa na maneno matano mahali Mwingereza ana moja, na hakuna ubaya wowote.

Na usiishie kwenye karatasi. Mwombe huyo mzee mistari miwili ya shamba, mmoja uliopakwa, mmoja mtupu. Soya ikianza kutoa maua, chimbueni shina moja kila mstari kwa jembe, msing'oe kwa mkono maana vinundu vinabaki ardhini. Suuzeni mizizi kwenye ndoo. Kisha mpe yeye wembe akipasue kinundu kimoja mwenyewe. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, bakteria hawafanyi kazi. Kikiwa chekundu kama nyama mbichi, wanafanya kazi, na wekundu huo unatokana na kitu ambacho ni ndugu wa karibu sana wa kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu.